Cymande: Bendi ya London Iliyosikika Bila Kutajwa

1. Swali la makala hii

Katika maandishi ya historia ya muziki, bendi ya Cymande mara nyingi hupewa mistari michache tu. Husemwa kwamba ilianzishwa London mwaka 1971, ikatoa albamu tatu, kisha ikasimama. Huongezwa kwamba nchini Uingereza, mahali ilipozaliwa, haikufaulu. Halafu, katika sentensi inayofuata, tunaambiwa kwamba wanamuziki wengi wa Marekani wamechota katika kazi yake. Sentensi hizo mbili zinakaa pamoja kama majirani wasiosalimiana. Kama bendi haikufaulu, watu walichota nini humo kwa miaka 50? Na kama ilikuwa na kitu cha kuchotwa, kwa nini jina lake halikufika pamoja na sauti yake?

Ninataka kulijibu swali hilo kwa njia ya kitivo chetu, yaani kwa kusoma maneno. Sitachambua noti wala mizani ya ngoma. Nitaiachia kazi hiyo watu wa muziki. Nitaangalia jina la bendi, jina iliyolipa muziki wake, maneno machache ya nyimbo zake, na namna wengine walivyoinukuu. Hoja yangu ni hii: Cymande haikukosa wasikilizaji. Kwanza ilikosa neno ambalo wauzaji na watangazaji wangeliweka juu yake, na baadaye ilikosa kutajwa. Mambo hayo yote mawili ni ya lugha, na yote mawili yanatuhusu sisi ambao kila mwaka tunaandika kazi za kumaliza masomo kwa maneno ya watu wengine.

2. Watu na mahali

Waanzilishi walikuwa wawili: Steve Scipio, mpiga gitaa la besi, na Patrick Patterson, mpiga gitaa. Wote wawili walizaliwa Guyana na kuletwa Uingereza wangali watoto, wakakulia kusini mwa London. Waliwakusanya wenzao waliotoka Guyana, Jamaica na Saint Vincent: Sam Kelly kwenye ngoma, Pablo Gonsales kwenye konga, Mike Rose kwenye saksofoni na fluti, Derrick Gibbs kwenye saksofoni, Ray King kwenye sauti, na wengine. Lilikuwa kundi kubwa. Wapulizaji na wapiga ngoma wa mkono walikuwa wengi kuliko kawaida ya bendi za roki za siku zile.

Ni lazima tukumbuke Uingereza ya wakati ule. Watu wa visiwa vya Karibi walikuwa wameanza kuingia kwa wingi tangu mwaka 1948, wakiitwa kuijenga nchi baada ya vita. Miaka 20 baadaye mlango ulikuwa ukifungwa. Sheria za mwaka 1962 na 1968 zilipunguza haki ya raia wa makoloni ya zamani kuingia, na ile ya mwaka 1971 ikaongeza kizuizi. Mwezi wa 4 mwaka 1968 mbunge Enoch Powell alitoa Birmingham hotuba iliyowaonyesha wahamiaji kama hatari kwa taifa. Hivyo vijana wa Cymande walikuwa Waingereza kwa malezi, lakini kila siku waliulizwa, kwa maneno au kwa macho, walikotoka. Swali hilo la kutoka limo ndani ya muziki wao, tena limo ndani ya majina waliyochagua.

3. Jina: njiwa

Cymande, ambalo hutamkwa karibu na "Simande", linatokana na neno la kalipso lenye maana ya njiwa. Kwao njiwa alikuwa ishara ya amani na upendo. Kalipso ni wimbo wa Trinidad na visiwa jirani, wimbo wa habari, wa mzaha na wa kuwasema wakubwa. Kwa hiyo jina la bendi halikutoka katika Kiingereza cha shuleni wala katika matangazo ya biashara. Lilitoka katika maneno ya wazazi.

Jambo la kwanza la kuona hapa ni kwamba jina hilo halijitafsiri. Msikilizaji Mwingereza wa mwaka 1972 aliyeliona juu ya sahani ya santuri hakujua ni mtu, ni mji au ni dini. Bendi ingeweza kujiita Dove, nalo Mwingereza angelielewa mara moja. Badala yake neno Dove limewekwa kuwa jina la wimbo ulio ndani ya albamu ya kwanza, wimbo wa karibu dakika 11. Humo gitaa linasema peke yake kwa muda mrefu, na sauti za watu zinaimba silabi zisizo na maana ya kamusi. Yaani neno la Kiingereza lipo, lakini limekabidhiwa wimbo usio na maneno, na neno la kalipso limepewa nafasi ya mbele, pale penye jina la mwenye kazi. Sidhani kwamba waliketi mezani kupanga mambo hayo kama tunavyopanga sura za kitabu. Hata hivyo mpangilio upo, na msomaji ana haki ya kuusoma.

4. Nyah-Rock, na neno lililosafiri

Bendi haikukubali kuitwa ya soul, wala ya fanki, wala ya rege, ingawa hayo yote yalikuwemo. Ilijipa jina lake: Nyah-Rock. Nusu ya pili inaeleweka. Nusu ya kwanza ndiyo inayopaswa kumsimamisha mwanafunzi wa lugha za Kongo.

Katika usemi wa Rastafari wa Jamaica, Nyah ni kifupi cha Nyabinghi. Nyabinghi ni jina la mkusanyiko wa ibada, la ngoma tatu zinazopigwa humo, na pia la tawi la zamani la imani hiyo. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa Jamaica. Nyabingi alikuwa roho aliyeheshimiwa katika nchi za milima za Ndorwa, Mpororo na Kigezi, kwenye mipaka ya Rwanda na Uganda ya leo, si mbali na mpaka wetu wa mashariki. Waliosema kwa jina lake walikuwa mara nyingi wanawake. Aliyejulikana zaidi ni Muhumusa, ambaye alitambuliwa kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda. Aliwapinga wakoloni, Waingereza wakamkamata mwaka 1911, naye akawekwa kizuizini Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945.

Wachambuzi wengi hulieleza jina hilo kuwa ni "mwenye vingi". Msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu hahitaji mwalimu wa kumweleza. Pale ambapo Kiswahili sanifu kinasema vitu vingi, sokoni kwetu tunasema bintu bingi. Kiambishi bi- ni kilekile, na mzizi -ingi ni uleule. Neno lililopigiwa ngoma Kingston na kutiwa katika roki ya London lina mwili wa Kibantu ambao tunautumia tunaponunua unga.

Lilifikaje Jamaica? Mwishoni mwa mwaka 1935, Italia ilipokuwa imeivamia Ethiopia, gazeti la Jamaica Times lilichapa makala iliyodai kwamba mfalme Haile Selassie anaongoza jumuiya ya siri ya watu weusi yenye jina hilo, na kwamba maana yake ni kifo kwa wazungu. Makala hiyo ilikusudiwa kutia hofu. Baadhi ya wasomaji maskini wa Jamaica waliipokea kwa namna nyingine: walilichukua jina na kulifanya lao, kisha wakalieleza kuwa ni anguko la wadhalimu wote, weusi kwa weupe. Tazameni safari ya maana: mwenye vingi, halafu kitisho cha gazeti, halafu sala, halafu ngoma, halafu aina ya muziki.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wengi huandika kwamba Cymande "ilichanganya midundo ya Afrika" bila kusema Afrika ipi. Usemi wa namna hiyo ni mwepisi na hauna anwani. Hapa tunayo anwani. Haithibitishi kwamba Scipio na Patterson walimjua Muhumusa. Inathibitisha kwamba walirithi neno lililokwisha kupita mikono mingi, nao wakalipitisha tena.

5. "Bra" na "Zion I": somo dogo la sarufi

Nyimbo mbili za albamu ya kwanza zinafaa kusomwa darasani kuanzia majina yake.

Ya kwanza ni "Bra". Mwanafunzi mwenye kamusi ya Kiingereza peke yake atalitafsiri kuwa vazi la ndani la mwanamke, naye atakuwa ameanguka shimoni. Hapa ni kifupi cha brother, yaani ndugu, neno la kuitana mitaani. Ukitaka kulileta katika Kiswahili, usiandike "kaka" tu, maana kaka huonyesha umri na heshima ya nyumbani. "Bra" inamwita mtu asiye wa tumbo moja nawe, na kumfanya ndugu kwa kule kumwita. Katika London ya sheria za wahamiaji, neno hilo lilikuwa na kazi ya kufanya.

Ya pili ni "Zion I". Katika usemi wa Rastafari, nafsi ya kwanza ya Kiingereza imefanyiwa matengenezo. Kiingereza cha kawaida kina I kwa mtenda na me kwa mtendwa. Wasemaji wa Rastafari huitumia I mahali pote, hata pale ambapo sarufi inataka me, kwani kwao me ni nafsi iliyoinamishwa, nafsi inayotendwa na wengine. Huenda mbali zaidi: husema I and I, maana yake mimi na wewe, mimi na Mungu, bila kumtenga mtu yeyote.

Sasa linganisheni na Kiswahili. Sisi tunasema ninaona na ananiona. Kiambishi cha nafsi ya kwanza ni ni- kwa mtenda, na ni -ni- kwa mtendwa. Sauti haibadiliki, nafasi ndiyo inayobadilika. Nafsi ya pili haiko hivyo, maana tunasema unaona lakini anakuona. Hata nafsi ya tatu inatoka anaona na kuwa anamwona. Kwa hiyo matengenezo ambayo Rastafari walipaswa kuyapigania katika Kiingereza, Kiswahili kilikuwa nayo tayari katika nafsi moja, bila mapigano. Sisemi kwamba sarufi yetu inatufanya huru. Nasema tu kwamba msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza anaweza kuelewa upesi kwa nini mtu alione jambo hilo dogo kuwa kubwa.

6. Miaka mitatu ya kazi

Mtayarishaji wa Cymande alikuwa John Schroeder. Hakuwa mtu wa muziki wa Karibi. Mwaka 1961 alishirikiana na Mike Hawker kuandika "Walkin' Back to Happiness", wimbo ulioimbwa na Helen Shapiro, na baadaye alifanya kazi na kundi la roki la Status Quo. Hutajwa kwamba alikuwa ameingia katika klabu moja ya chini ya ardhi huko Soho ili kuwasikiliza wengine, akawakuta Cymande wakifanya mazoezi. Aliwarekodi. Albamu ya kwanza, yenye jina la bendi yenyewe, ilitoka mwaka 1972, na Marekani ikasambazwa na kampuni ya Janus.

Wimbo wa "The Message" ulipanda katika orodha za Billboard mwaka 1973: nafasi ya 48 katika orodha kuu ya Marekani, na nafasi ya 22 katika orodha ya muziki wa watu weusi. Kwa bendi ambayo hakuna aliyeijua miezi michache kabla, hilo halikuwa jambo dogo. Wakavuka bahari, wakazunguka Marekani pamoja na Al Green, mmoja wa waimbaji wakubwa wa soul wa siku zile, wakapiga katika ukumbi wa Apollo mtaani Harlem. Hutajwa kuwa bendi ya kwanza ya watu weusi kutoka Uingereza kuwa jina la kwanza kwenye tangazo la ukumbi huo. Watazamaji wa Apollo wanajulikana kwa ukali. Asiyewafurahisha huzomewa mpaka ashuke.

Mwaka 1973 ikatoka albamu ya pili, Second Time Round. Kisha wakarudi nyumbani. Wasafiri waliotoka Harlem walikuta London ileile: klabu ndogo, redio isiyowapiga, magazeti yasiyowaandika. Mwaka 1974 wakatoa ya tatu, Promised Heights, yenye wimbo wa "Brothers on the Slide". Albamu hiyo haikuwafungulia mlango uliokuwa umefungwa. Baada yake waliweka vyombo chini. Rekodi nyingine za miaka hiyo zilitolewa mwaka 1981 kwa jina la Arrival, wakati bendi haipo tena jukwaani.

7. Rafu isiyokuwepo

Kwa nini mlango wa nyumbani haukufunguka? Jibu rahisi ni ubaguzi wa rangi, na jibu hilo si uongo. Lakini likisimama peke yake halielezi kila kitu. Kundi la The Foundations, lenye waimbaji kutoka Karibi, lilifika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1967. The Equals, pamoja na Eddy Grant aliyezaliwa Guyana kama Scipio na Patterson, walifika hapohapo mwaka 1968. Watu weusi waliweza kuuza sahani Uingereza. Swali ni: sahani za namna gani?

The Foundations na The Equals walipiga nyimbo za dakika tatu ambazo muuzaji alijua pa kuziweka. Rege nayo ilikuwa na mahali pake, na soul ya Marekani vilevile. Cymande ilileta wimbo wa dakika 11, ngoma za ibada, fluti ya jazi na besi ya fanki, yote chini ya jina la Nyah-Rock, nalo halikuwa na rafu dukani. Jina la aina ya muziki hufanya kazi kama kichwa cha makala: humwambia mtu asome vipi kabla hajasoma. Bila kichwa, wengi hawafungui ukurasa. Na nani hupewa ruhusa ya kutunga kichwa kipya? Hapo ndipo ubaguzi unarudi kwa mlango wa nyuma. Vijana weupe wa roki waliokuwa wakichanganya mitindo waliitwa wavumbuzi. Vijana weusi waliofanya vivyo hivyo walionekana hawajui wanachotaka kuwa.

Kuna mfano wa kupima hoja hii. Average White Band walikuwa Waskoti weupe waliopiga fanki, na jina lao linasema hivyo kwa mzaha. "Pick Up the Pieces" ilitolewa Uingereza mwaka 1974 bila mafanikio. Mwezi wa 2 mwaka 1975 ikawa ya kwanza Marekani. Hapo Uingereza ikaigeukia upya, ikafika nafasi ya 6. Kwao, sifa ya Marekani ilirudi nyumbani nao. Kwa Cymande, sifa ya Marekani ilibaki Marekani. Sitasema tofauti yote ni rangi, maana Average White Band walikuwa na kampuni yenye nguvu zaidi, tena wimbo wao ulipanda juu sana kuliko "The Message". Lakini mlinganisho unatuzuia kusema kwamba fanki ya Uingereza haikuwa na soko. Soko lilikuwepo.

8. Kunukuu bila kutaja

Katika miaka ileile ambayo Cymande ilikuwa ikinyamaza London, jambo jipya lilianza New York. Kijana mmoja aliyezaliwa Kingston, Clive Campbell, aitwaye Kool Herc, aliendesha dansi mtaani Bronx. Ile ya tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka 1973 huhesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop. Aligundua kwamba wachezaji walisubiri sehemu moja ya wimbo: pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma na besi zinabaki peke yake. Sisi tuliokua na sebene tunaelewa furaha hiyo, ila sebene ni nusu nzima ya wimbo, na kipande cha Bronx kilikuwa sekunde chache. Kwa hiyo DJ alichukua nakala mbili za sahani moja na kukirudia kipande hicho kutoka moja hadi nyingine, mpaka sekunde zikawa dakika.

"Bra" ina kipande cha namna hiyo, kirefu, ambamo besi ya Scipio inatembea karibu peke yake. Ma-DJ wa New York waliipenda. Wacheza dansi walijua besi hiyo kabla ya kujua imetoka wapi; ilikuwa desturi ya baadhi ya ma-DJ kuficha jina la sahani ili wapinzani wasiinunue. Angalieni basi: hapa kutotajwa hakukutokana na dharau. Kulitokana na thamani. Mtu huficha kisima chenye maji.

Mashine za kurekodi zilipoendelea, kipande kiliweza kukatwa kabisa na kupandikizwa katika wimbo mwingine. Ufundi huo huitwa kuchukua sampuli. De La Soul walichukua sampuli ya "Bra" mwaka 1989 kwa wimbo wao "Change in Speak". Mwaka 1996 The Fugees walijenga wimbo wa "The Score" juu ya "Dove", ndani ya albamu yenye jina hilohilo, ambayo ni kati ya albamu za hip-hop zilizouzwa sana kuliko zote. Spike Lee naye aliiweka "Bra" katika filamu yake Crooklyn ya mwaka 1994. Mamilioni ya watu walimsikia njiwa bila kujua kwamba ni njiwa.

Mwanzoni sheria haikuwa wazi. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliamua katika kesi ya wimbo wa Gilbert O'Sullivan dhidi ya kampuni ya Biz Markie kwamba kuchukua sampuli bila ruhusa ni kuvunja haki ya mwenye kazi. Tangu hapo kampuni zikaanza kuomba ruhusa na kulipa. Ugumu wa ruhusa hizo ndio sababu kubwa albamu za kwanza za De La Soul hazikupatikana kwa njia ya intaneti mpaka mwezi wa 3 mwaka 2023. Nukuu isiyoandikiwa chanzo vizuri ilimfunga hata aliyenukuu.

Hapa ninasimama kidogo kwa ajili ya kitivo chetu. Katika nadharia ya fasihi tumefundishwa kwamba kila matini imefumwa kwa matini nyingine, na ni kweli. Wengine hulitumia jambo hilo kusema kwamba basi kutaja chanzo ni adabu ya ofisini tu, haina maana kwa sanaa. Mfano wa Cymande unaonyesha kosa la hoja hiyo. Matini ilifumwa vizuri, wimbo wa The Fugees ni kazi nzuri, na bado kuna watu walioishi miaka 20 bila malipo wala jina wakati kazi yao ilikuwa ikipigwa duniani. Uzuri wa mfumo haufuti deni la uzi. Anayenakili kurasa tatu za kazi ya mwenzake katika kazi ya kumaliza masomo hawezi kujificha nyuma ya nadharia hiyo. Yule aliyeandika kwanza yupo, ana jina, na pengine bado anatafuta kazi.

9. Kuandika upya mistari michache

Scipio na Patterson walisomea sheria wakawa mawakili, na sehemu ya kazi yao waliifanya katika nchi za Karibi. Sam Kelly aliendelea kupiga ngoma na akaheshimiwa katika muziki wa bluzi Uingereza. Hawakupotea, waliishi. Kisha bendi ikarudi: mwaka 2015 ilitoa albamu A Simple Act of Faith. Mwaka 2022 filamu ya Tim MacKenzie-Smith kuhusu maisha yao, Getting It Back: The Story of Cymande, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, na jina lake limechukuliwa kutoka wimbo wa albamu ya mwaka 1972. Mwaka 2025 ikatoka albamu nyingine, Renascence.

Kwa hiyo tukitakiwa kuandika mistari michache kuhusu Cymande, tunaweza kuacha "haikufaulu" na kuandika hivi: Bendi ya wanamuziki wa Guyana, Jamaica na Saint Vincent waishio London. Kati ya mwaka 1972 na 1974 ilitoa albamu tatu za muziki iliouita Nyah-Rock. Ilipokelewa Marekani, Uingereza haikuipa nafasi katika redio na magazeti yake. Vipande vya "Bra" na "Dove" vimekuwa msingi wa nyimbo nyingi za hip-hop. Ilirudi jukwaani baada ya miaka mingi na inaendelea kurekodi.

Maelezo hayo si marefu kuliko yale ya kwanza. Tofauti iko katika vitenzi na watendaji wake. "Haikufaulu" inaifanya bendi kuwa mtenda wa kushindwa kwake yenyewe. "Haikuipa nafasi" inamrudisha mtendaji aliyekuwa amefichwa. Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba swali la nani mtenda si swali la mtihani tu.

Maswali ya kufanyia kazi katika vikundi

1. Chagueni orkesta moja ya Kongo iliyodumu chini ya miaka mitano. Andikeni habari zake kwa maneno 80 bila kutumia vitenzi "kushindwa", "kupotea" na "kufa". Elezeni ni mtenda gani mliyelazimika kumtaja.

2. Tafuteni maneno mengine matatu ya lugha zetu yaliyovuka bahari na kurudi katika muziki. Onyesheni kila hatua ya maana, na msiandike "ya Kiafrika" bila anwani.

3. Linganisheni viambishi vya nafsi ya kwanza katika lugha ya nyumbani kwa kila mmoja wenu. Je, mtenda na mtendwa wana umbo moja, kama katika Kiswahili, au maumbo mawili, kama katika Kiingereza?

4. Mwenzenu ametumia aya ya mtu mwingine bila kumtaja, kisha akasema kwamba kila matini ni nukuu. Mjibuni kwa aya moja.